Kanda ya Kirit

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, tulikuwa wanne katika karakana ya redio pale Gerezani: Mzee Jayanti mwenye karakana, mkewe Mama Kirit, mdogo wangu Abdu, na mimi Rehema. Wazazi wetu walishafariki. Niliacha shule nikafanya kazi hapo ili wadogo zangu wale.

Kirit, mtoto pekee wa Mzee na mkewe, naye alikuwa marehemu. Aliacha mchezo wa sataranji alioutungia kompyuta yao, umehifadhiwa kwenye kanda moja ya kaseti, kama kompyuta za wakati ule zilivyohifadhi kazi. Prosesa ya kompyuta ile, yaani ubongo wake, ilikuwa inakufa. Ikipata joto inazima. Ndugu yao akaleta kompyuta yenye prosesa mpya, lakini mpya haikuelewa amri za ile kuukuu. Mimi na Mzee tukaziandika upya, amri baada ya amri, tukihofia kila ile kuukuu ilipozima kwamba haitawaka tena.

Mchana huo tukamaliza. Abdu akacheza, kompyuta mpya ikamjibu. Kilichobaki ni kuhifadhi, na kanda tupu haikupatikana Kariakoo nzima. Miaka ile ya uhaba sote tulirekodi juu ya kanda za zamani. Nikaichukua ya Kirit.

"Rehema! Mkono!" Mzee alifoka.

"Mzee, si mchezo umeshahamia huku?"

"Mtu kahamia leo, wewe unambomolea alikotoka? Kwanza tuone kama atalala salama. Abdu, cheza mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho? Mzee, hii inanifunga sasa hivi!"

"Basi fungwa polepole, baba," alisema Mama Kirit.

Kabla hajafungwa, umeme ukakatika. Kioo kikawa cheusi, na kazi yetu yote ikapotea. Nikaitazama kanda mkononi mwangu. Ningekuwa katikati ya kurekodi, Kirit angefutika kotekote.

Umeme uliporudi tukaanza upya. Tulipomaliza tena, na Abdu amefungwa vya kutosha, Mama Kirit akaweka mezani kanda yake, yenye sauti ya mama yake akiimba nyimbo za harusi.

"Rekodini juu ya hii."

"Mama, hapana."

"Nyimbo ninazo kichwani, binti yangu. Kirit siwezi kumwimba."

Tukarekodi, nami nikamwahidi kwamba mchezo wa mwanawe hautakwama kwenye kanda hiyo, kila mashine mpya ikija nitauhamishia huko.

Mwanangu, ukihama nyumba, kazi au chombo, usifute ulikotoka mpaka umekijaribu kipya kwa macho yako. Na hofu ikikushika mkono, usiionee haya, simama kwanza. Mungu akupe mikono isiyo na papara, na mtu wa kukufokea kabla hujachelewa.

Wazee wale wametangulia. Kanda zote mbili ziko kabatini mwangu, Magomeni, utepe unazeeka, na mashine za siku hizi hazizisomi. Mama Kirit alitoa sauti ya mama yake. Mimi bado sijauhamisha mchezo.