Kipande cha Makala Kilichokunywa Vita

Wakati wa vita, sokoni Nyawera walisema makala, yaani makaa ya kupikia, inakunywa harufu ya baruti, na kila bomu linaiongezea uzito. Mimi, mwenye diploma ya masomo ya jioni, niliamini kuliko wote.

Wenzangu wa labo ya kupima maji walikuwa wamekimbia. Nilibaki peke yangu ndani ya labo, mtaa wa Nyalukemba, nikipika na kulala mulemule, madirisha yamefungwa kwa kuogopa risasi. Niliachiwa kazi moja: kutafuta makala yenye vitundu vingi zaidi, iwekwe kwenye chujio la maji ya Bagira, ambako watoto walikuwa wanaharisha. Kipande kizuri, ukikunjua kuta za vitundu vyake vyote, kinafunika uwanja wa mpira, na mashabiki wake!

Kati ya vipande nilivyokusanya, niliweka kimoja juu ya mizani; chenye vitundu vingi ndicho kingekunywa zaidi. Kila asubuhi kilikuwa kimeongeza uzito. Nikaanza kukisalimia: "Umeamkaje, mwenzangu? Umekunywa mabomu mangapi?" Nani mwingine ningemusalimia?

Siku mukubwa wangu wa kazi, Maman Furaha, aliporudi na wazee wa Bagira, nilikiinua juu kama kombe.

"Bingwa ni huyu! Amekunywa vita yote ya Kivu!"

Wazee wakapiga makofi. Maman Furaha akagusa ukuta, vidole vikalowa.

"Papa Deo, vipande vingine viko wapi?"

"Ndani ya kopo, Maman. Nimevifunika."

"Na hiki ulikikausha kwanza?"

"Hapana."

"Basi tutavikausha vyote, tuvipime upya. Hiki hakikunywa vita, papa. Kimekunywa mvuke wa sufuria yako na pumzi yako, kwa sababu madirisha yalifungwa, na humu ulikuwa peke yako."