Mama Mdogo ni Yule

Vidole alifunga saluni yake Ijumaa mchana, jambo ambalo wateja wake hawakulizoea. Mwanamke mmoja aliyekuja na rasta zake kwenye mfuko akamwuliza kama amefiwa.

"Sijafiwa," alijibu huku akikomea mlango. "Naenda kuwaona watu wangu."

Watu wake walikuwa Mwalimu, mumewe fundi majokofu, na watoto wao wawili. Hata hilo jina la Vidole alipewa na Mwalimu, enzi zile wakiwa wasichana waliopanga chumba kimoja, mmoja akisomea ualimu, mwingine akisuka watu vichwa barazani ili kodi ipatikane. Walilala kitanda kimoja, wakaazimana magauni, wakanuniana na kupatana. Fundi alipoanza kujipitishapitisha pale kwa kisingizio cha kutengeneza feni, Vidole ndiye aliyemwambia, "Kaka, hiyo feni imeshapona. Sema kilichokuleta." Na siku ya harusi, Mwalimu alimshika mkono mbele ya wageni akatangaza kwamba watoto wakija, mama yao mdogo ndiye huyu.

Kisha Mwalimu akahamishiwa shule ya mbali. Msichana wao mkubwa Vidole alimbeba akiwa bado mchanga. Mvulana alimjua kwa picha za simu tu.

Alifika jioni, begi begani na mfuko wa zawadi mkononi. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na ua mpana uliojaa majokofu mabovu. Moja, lililong'olewa mlango, mvulana alikuwa amelifanya gereji ya magari yake ya plastiki. Mwalimu alitoka jikoni na mikono yenye unga, wakakumbatiana wakayumba kama walevi. Fundi akapokea begi akisema, "Shemeji, umenenepa, saluni inalipa." Yote yalikuwa kama Vidole alivyoyawaza njiani.

Mpaka msichana aliposukumwa mbele asalimie.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Lakini mimi si shangazi, mimi ni mama mdogo."

Mtoto akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemwelekeza mgeni aliyekosea nyumba. "Hapana. Mama mdogo ni yule."

Yule alikuwa anaingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha hodi. Alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, muuzaji wa duka la dawa, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. Alivua ndala zake pale pale ambapo inaelekea alizivua kila siku, akamsalimu Vidole kwa uchangamfu, akaonja mchuzi, na bila kuuliza akanyoosha mkono juu ya kabati akachukua chumvi. Vidole alikuwa amekwisha kuitafuta chumvi hiyo mara mbili asiione.

Alitabasamu, lakini kwa meno tu.

Jumamosi nzima ilikwenda hivyo. Mvulana alipojikwaa uani, alipita mikono ya Vidole iliyonyooshwa kumpokea akaenda kulilia kwenye magoti ya jirani. Wakati wa chakula Fundi alisema neno "sindano ya ndizi," na wote, hata watoto, wakaangua kicheko. Vidole akacheka nao. Kisha akauliza ni nini.

"Aa, ni kitu kirefu," alisema Mwalimu akijifuta machozi. "Ungekuwepo ndiyo ungeelewa."

Mwalimu hakuwa na nia mbaya, lakini Vidole roho ilimwuma kama amemeza mfupa. Ukutani, juu ya redio, kulikuwa na picha ya mvulana siku aliyozaliwa. Aliyempakata alikuwa jirani, nywele timtim, macho mekundu ya kukesha. Vidole aliitazama picha hiyo kila alipopita, hata pale asipokuwa na sababu ya kupita. Alijiambia kwamba muuza dawa ana kidevu kibaya. Alijiambia kwamba anapiga domo sana. Akachunguza na nywele za msichana, zilizosukwa na jirani mwanzoni mwa wiki, akaona njia zimepinda kama mtaro uliochimbwa gizani, na kwa mara ya kwanza tangu afike akajisikia vizuri.

Jumapili asubuhi Mwalimu na mumewe walikwenda sokoni. Vidole alisema atabaki na watoto. Mvulana aliingia kwenye gereji yake. Msichana akakaa barazani kula mkate.

"Njoo nikutengeneze nywele," Vidole akamwambia.

"Nimeshasukwa."

"Hizi zinakubana. Zitakung'oa nywele, uwe na kipara kama babu."

Hazikuwa zinabana. Zilikuwa zimepinda tu, na Vidole alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini alishakaa nyuma ya mtoto na kitana kilikuwa mkononi. Akaanza kufumua. Mwanzo msichana alitulia, labda kwa kuogopa kipara. Nusu ya kichwa ilipokuwa imefumuliwa akajishika, akapapasa, akaelewa kwamba kazi ya mama mdogo haipo tena. Alinyanyuka akilia kwa sauti ya kuamsha mtaa, akatoka mbio, upande mmoja wa nywele umesimama kama ufagio, akaingia nyumba ya pili.

Vidole akabaki barazani na kitana. Mvulana alichungulia kutoka kwenye jokofu, akamwangalia, akarudi ndani.

Haikupita muda jirani akaja, msichana mgongoni, uso umefichwa shingoni mwake. Vidole alijiandaa kwa ugomvi. Kwa kweli alikuwa anautamani.

"Zilikuwa zinambana?" aliuliza jirani taratibu.

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Yeye ndiye msusi, nani angembishia? "Hapana," alisema. "Hazikuwa zinabana."

Jirani alimtua mtoto, akamwambia akacheze na mdogo wake. Akakaa kwenye ngazi, mbali kidogo.

"Dada, nikwambie kitu. Mimi nimechoka na wewe kabla hata hujafika. Humu ndani kila hadithi ni yako. Nikipika, Vidole alikuwa anapika hivi. Nikivaa gauni jipya, naambiwa Vidole alikuwa nalo kama hilo. Huyo mtoto nilijifunza kumsuka kwa sababu mama yake alisema hakuna anayesuka kama wewe. Nikasema, ngoja tuone." Akajicheka kidogo. "Na zimepinda, najua. Nina macho."

Vidole akachomoa nywele zilizonasa kwenye kitana. Kumhurumia huyu mtu hakukuwa kwenye mipango yake.

Mwalimu aliporudi alisikia habari yote kwa mwanawe kabla hajaweka kikapu chini. Alimwita Vidole jikoni, akarudishia mlango. Aliongea polepole, kama anavyosema na mwanafunzi mkubwa aliyemwangusha.

"Mwanangu anakuogopa. Ndicho ulichokuja kufanya?"

"Yule jirani amekaa mahali pangu, shoga. Uliniahidi mbele ya watu."

"Niliahidi. Nikahamishwa. Nikaja hapa sijui mtu, tumbo hili hapa, mume yuko kwenye majokofu ya watu mpaka jioni. Ulitaka nikae peke yangu miaka yote, nakungoja wewe?"

Vidole aliangalia nyanya zilizotapakaa mezani. Alijaribu kutafuta jibu la kiungwana, akalikosa.

"Ndiyo," akasema. "Nilitaka hivyo hivyo."

Mwalimu alimtazama, midomo ikamcheza, kisha akacheka bila kutaka, kicheko kile cha chumba chao cha kupanga. Akamvuta kichwa akakilaza begani kwake. "Mchoyo wewe," alisema. "Mchoyo kupindukia." Vidole akalia pale, na kitunguu kilichokuwa karibu kikasingiziwa.

Ikabaki shida ya kichwa cha mtoto, maana kesho yake ilikuwa shule. Vidole alijitolea, msichana akakataa. Jirani akajitolea, naye akakataliwa, kwa kuwa kwa sasa wanawake wote wenye vitana walikuwa maadui. Mwishowe msichana akaenda kwa baba yake. Fundi alifumua zilizobaki, akazikusanya nywele zote utosini, akazifunga kwa kipande cha mpira wa mlango wa jokofu, fundo moja kubwa kama kichuguu. Wasusi wawili walisimama mlangoni wakishuhudia. Hakuna aliyethubutu kumwangalia mwenzake, mpaka jirani alipokoroma kwa kicheko, na Vidole akashindwa kujizuia.

Mchana walimsindikiza kituoni. Msichana hakumkumbatia, ila alikubali kuibeba chupa yake ya maji mpaka kwenye basi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo Vidole hupiga simu kila Jumapili. Mara kwa mara, Mwalimu akiwa katikati ya habari, sauti nzito husikika nyuma ikitia neno, na wote huko hucheka. Kijicho bado humpanda Vidole kooni, palepale, hakijapungua hata chembe. Yeye hukaa kwenye kiti cha wateja, akajizungusha taratibu mbele ya kioo, akasubiri kicheko chao kiishe. Kisha husema, "Haya, mpe huyo naye simu nimsalimie."