Albamu Mbili za Ijumaa

Albamu mpya hutoka Ijumaa, na kwa miaka mingi Ijumaa ilikuwa siku yangu na mdogo wangu wa kiume. Mimi nilikuwa mtu wa hevi metali, yeye wa muziki wa elektroniki. Tulikulia Morogoro tukigombea redio moja, na hata tulipokuwa watu wazima tuliendelea kugombana kwenye simu. Yeye akidai magitaa yangu ni kelele za karakana. Mimi nikimwambia muziki wake ni friji bovu.

Kisha nikahamishiwa Dodoma. Nilipangiwa masijala, kwenye wizara moja kule Mtumba, nikapanga chumba Mkonze kwa mama mmoja mjane, Mrangi wa Kondoa. Sikumjua mtu. Ofisini walizungumza viwanja na harusi. Siku moja mwenzangu aliomba hedfoni zangu asikilize, akazivua upesi kama aliyeumwa na siafu.

"Dada, hawa wana shida gani?"

Wote wakacheka, nami nikacheka. Tangu hapo sikumsikilizisha mtu.

Mwaka jana, Ijumaa moja ya kiangazi, zilitoka albamu mbili kwa mpigo: moja ya bendi niliyoipenda tangu sekondari, nyingine ya mwanamke anayetengeneza kila kitu kwa mashine, kipenzi cha mdogo wangu. Jioni nilipanda kilima cha nyuma ya nyumba, upepo ukinimwagia vumbi, nikazisikiliza zote.

Ya bendi yangu ilinisikitisha. Ngoma zimesafishwa mno, kila pigo mahali pake, hakuna anayetoka jasho. Mwimbaji ambaye zamani aliunguruma kama anayeng'oa kisiki, sasa anaunguruma kwa adabu. Wimbo mmoja tu wa katikati, magitaa yanapopunguza kasi hadi unadhani yatasimama, ndio ulionifanya nikae chini. Aliyenishangaza ni yule mwanamke. Besi yake inakuja polepole, kama mvua unayoiona mbali mbugani kabla haijakufikia, na kwenye wimbo wa mwisho ameiacha sauti yake mwenyewe, isiyo nzuri, bila kuipamba. Kwa mara ya kwanza nilikuwa tayari kukubali kwamba nimeshindwa.

Nikampigia mdogo wangu palepale. Nyuma yake mtoto mchanga alikuwa analia.

"Albamu imetoka. Umeisikia?"

"Albamu gani, dada?"

Nikamtajia.

"Aisee, siku hizi sifuatilii kabisa. Tangu mtoto azaliwe... Nisikilizie tu wewe. Mzima lakini?"

"Mzima."

"Haya, nitakupigia."

Hakuwa na kosa. Alikuwa na mtoto wa kubembeleza, na nilimfurahia. Lakini nilibaki pale na maoni yangu yote, kama mtu aliyepika chungu kizima halafu wageni wakaghairi.

Niliporudi, mama mwenye nyumba alikuwa uani akichambua mlenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelia?"

"Ni vumbi tu."

Akanisogezea kigoda. Nilipoketi akaonyesha hedfoni shingoni mwangu. "Hao wa humo huwa wanakuambia nini?"

Nikamvalisha juu ya mtandio wake, nikamwekea ule wimbo wa katikati. Aliusikiliza wote bila kukunja uso. Alipozivua nikangoja.

"Kelele, mwanangu," alisema. "Wewe umeupendea nini?"

Dodoma nzima hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikaanza na magitaa, nikaenda kwenye ngoma, nikamalizia na yule mwanamke na mvua yake. Nilizungumza mpaka ugali ukaiva. Sidhani kama alielewa hata nusu. Mara mbili aliinuka kuchochea moto nikiwa katikati ya maneno. Kila aliporudi alisema, "Enhe."

Mdogo wangu hakupiga. Ijumaa iliyofuata ikatoka albamu nyingine, mbovu kwelikweli, ya mwimbaji mmoja, nikamwambia mama tukiwa tunaanua nguo.

"Basi usimsikilize tena huyo," akasema, akanipa ncha mbili za shuka tulikunje.

Nilicheka. Tulipomaliza aliingia ndani kuswali, nami nikarudi chumbani, nikafunga dirisha kuzuia upepo, nikatafuta albamu nyingine ya kusikiliza.