Nyaya Mbili za Gari la Marwa

Mwanangu, ipo Sabato moja ambayo kila nikiikumbuka, mkono wangu huu wa kushoto huwa mzito.

Nilikuwa fundi wa umeme wa magari pale Migori, nguvu zikiwa bado tele, na hakuna aliyenishinda kwa taa ya kupimia. Kisha akaja uwanjani petu pa mafundi Achieng', binti wa Homa Bay, na kimashine chake cha kuchomeka chini ya usukani. Mimi nilifungua gari kutwa nzima; yeye alisoma ugonjwa kabla chai haijapoa. Wateja wangu walihamia kwake, wakinitania, "Jaduong', mzee wetu, magari ya siku hizi hayaulizwi kwa balbu." Nilipomsikia akicheka nao, ugali ulinigeuka mdomoni. Hasidi hana sababu, husemwa. Mimi nilikuwa nayo, ila ilikuwa ndogo: sikutaka kufundishwa na msichana.

Jambo moja nililijua. Kompyuta za gari, ya injini, ya breki, ya dashibodi, huzungumza kupitia nyaya mbili zilizosokotwa kama kamba. Shaba zake zikigusana, kompyuta zote huwa bubu, gari lisiwake. Achieng' alikuwa Msabato. Jumamosi hakugusa spana. Akiwa kanisani, nililiendea gari la mteja wake, Marwa wa Kegonga, ambalo Achieng' alikwisha kulitengeneza, nikachuna nyaya zile, nikaziunganisha, nikazifunga utepe.

Jumapili Marwa alifika, aende kumchukua mkewe na mtoto mchanga hospitalini. Gari halikuwaka. Alifoka mbele ya watu kwamba kimashine cha Achieng' kinaua magari, akaondoka kutafuta gari jingine. Achieng' aliinama, akafuata nyaya kwa vidole mpaka kwenye utepe, akauona umezungushwa kinyume. Uwanja mzima ni mimi tu niliyezungusha utepe kwa mkono wa kushoto. Akaja kwangu, akaniita kwa Kijaluo baba yake Atieno, akasema polepole:

"Wuon Atieno, ungeniuliza ningekufundisha. Hata sasa nitakufundisha."

"Sijui unachosema," nikajibu.

Hilo, mwanangu, lilikuwa kosa kubwa kuliko la nyaya. Hakunitaja kwa mtu. Maneno ya Marwa yakaenea, wateja wakamkimbia, nami nikawapokea huku najua. Achieng' akarudi Homa Bay.

Mwaka huu nilimfuata, nikamwomba radhi. Hakunifukuza. Alinipa kiti, akasema, "Mimi nilijua siku ileile. Asiyejua ni Marwa."

Basi nikapanda hadi Kegonga, nikamweleza Marwa yote, mtoto yule akisikiliza, sasa ni msichana wa shule. Marwa akaniomba namba ya simu ya Achieng'.

Kwa hiyo nakuusia: ukiona mwenzako anajua usichokijua, meza aibu umwulize, maana kuuliza si ujinga. Na ukiwa umekwisha kumchafulia jina, usiishie kumwomba radhi yeye. Nenda kwa wale walioamini uongo wako, ungali na miguu ya kukufikisha. Mungu akupe mikono inayoijua kazi, na moyo usioumia mwenzako akisifiwa.