Karavani ya Kumpeleka Mama

Tangu Mama avunjike nyonga alikuwa na wimbo mmoja, na aliuimba kila asubuhi kabla hata sijamletea chai. "Nipelekeni nyumbani nikiwa bado na mdomo. Nina neno na mdogo wangu."

Nyumbani ni Kisii. Sisi tulikuwa Kericho, kwenye nyumba za shamba la chai, mimi nikichuma majani na mume wangu akiwa fundi wa magari ya shamba. Mama alikuja kukaa nasi baada ya kumzika baba. Aliondoka kule bila kuagana na mama mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, kwa sababu waligombana siku ya matanga. Kisa chenyewe sikijui mpaka leo. Siku moja nilimwambia, "Mama, si uniambie hilo neno, nitafute mtu alipeleke?" Alinitazama kana kwamba nimemtusi.

"Neno la ndugu yako unatuma mtu? Wewe ulilelewa na nani?"

"Na wewe."

Hakucheka. Na mimi nilijua hapo kwamba hakuna mjadala, lazima afike, na afike akiwa hai.

Tulikuwa tumejaribu mara moja, tukamlaza kwenye godoro nyuma ya pikapu ya kubebea kabichi. Ole wangu! Kila shimo alipiga ukelele, na barabara wakati ule ilikuwa mashimo matupu. Hatukufika hata Kapkatet. Tuligeuza, na njia nzima nililia kuliko yeye mwenye nyonga.

Ndipo mume wangu akaikumbuka karavani, kile chumba cha magurudumu kinachokokotwa na gari. Meneja mmoja mzungu alimwachia alipokuwa akirudi kwao, miaka michache baada ya Uhuru, na tangu siku hiyo ilikuwa nyumba ya kuku wangu. Ndani ilikuwa na kitanda katikati, juu kabisa ya magurudumu. Niliisugua siku nzima nikiwatukana kuku, nikamtukana na mzungu pia. Gari la kuikokota tuliazima kwa rafiki yake mume wangu, Mkipsigis wa Roret aliyekuwa na Pijo ya kupelekea maziwa Sotik.

Mume wangu alipoifunga karavani nyuma ya Pijo, pua ya karavani ililemea gari, matako ya gari yakashuka, uso ukatazama juu. Pijo ilikaa kama mbwa.

"Hivi hatuendi," akasema. "Magurudumu ya mbele yanaelea. Nikikata kona, usukani haunisikii, na huku nyuma Mama anarushwa juu chini."

Akaniuliza viko wapi vile vyuma viwili virefu vya springi alivyoachiwa pamoja na karavani. Nikamwonyesha kwa kidole. Kimoja nilikuwa naegemezea mlango wa jikoni, kingine nilikuwa nimekichimbia kwenye kona ya boma, kamba ya nguo imefungwa hapo. Akanitazama tu, akaenda kukichimbua mwenyewe.

Vyuma hivyo vilichomekwa nyuma ya gari, kimoja huku na kimoja huku, vikarudi chini ya pua ya karavani, na ncha zake zikaning'inizwa kwa minyororo. Ukifupisha mnyororo, chuma kinapinda, na kule kupinda kwake kunainua matako ya gari. Mzigo uliokuwa umekaa mahali pamoja unagawanyika, sehemu inaenda magurudumu ya mbele, sehemu inarudi kwa karavani. Mume wangu alikuwa na kijiti cha mchai alichokikata alama kwa kisu, kuonyesha madigadi ya mbele na ya nyuma yalikuwa juu kiasi gani kabla gari halijabebeshwa kitu. Anainua kwa jeki, anafupisha mnyororo, anashusha, anapima kwa kijiti, anaguna, anaanza tena.

Lakini kijiti hakina nyonga. Kwa hiyo mimi nikawa Mama. Nililala kwenye kile kitanda na fimbo ya Mama mkononi, nikapatana na mume wangu kwamba nikiumia nigonge ukuta. Akaendesha ile njia ya kwenda kiwandani. Mara ya kwanza mnyororo ulikuwa umelegea, nikasukwasukwa, nikagonga mpaka mkono ukachoka. Akakaza. Mara ya pili alikuwa amekaza kupita kiasi, na kila jiwe lilinipanda mgongoni.

"Umeniua!" nikapiga kelele.

"Ungekuwa umekufa ungenyamaza," akanijibu kutoka mbele, mjinga yule, akicheka.

Akalegeza pete moja ya mnyororo. Mara ya tatu sikugonga kabisa. Alipofungua mlango kuniuliza vipi, alinikuta nakoroma. Alisimama pale na kijiti chake, uso umemjaa furaha, na mimi nikampenda mtu yule vibaya sana.

Asubuhi ya safari, kina mama wa kanisa wakaja na zawadi. Kwetu mgonjwa haendi nyumbani mikono mitupu. Gunia la mahindi, kabichi, majani ya chai, ndizi, na jirani yetu Mkipsigis na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando. Wakarundika yote nyuma kabisa, kwenye kona, ili wasimbane mgonjwa. Mume wangu akapima. Pua ilikuwa imenyanyuka, kijiti kimekataa. "Mkia ukiwa mzito hivi itatuyumbisha mpaka mtaroni," akaninong'oneza. Na zawadi ya mgonjwa, nani atairudisha? Nilikuwa nimeshafungua mdomo nigombane na kanisa zima.

"Leteni hapa kwangu," Mama akasema kutoka kitandani. "Katikati hapa."

Wakaingia wameinama, wakapanga mahindi chini ya kitanda, kabichi ubavuni, kibuyu kwapani mwake. "Sasa mimi ni duka," akasema, na kina mama wakacheka mpaka wakashikana. Kijiti kikakubali.

Nilitaka kukaa naye huko nyuma. Akanifukuza. "Wewe unaongea sana. Niache nipange neno langu." Nikampa fimbo, nikamwambia agonge akiumia.

Kapkatet tulisimama, nikafungua mlango. "Mnasimama ya nini?" akafoka. "Endeni!" Tukaenda. Mashimo yalipita chini yetu, na nyuma kimya. Mume wangu akanigeukia.

"Umesikia?"

"Nini?"

"Hakuna kitu!" Akapiga usukani kwa kiganja, tukacheka kama watoto.

Sotik akasimama kukagua minyororo. Alikuwa chini ya gari akisema iko sawa, haijasogea, nami nikapanda na kikombe cha chai. Mama alikuwa amelala chali, fimbo kifuani, kibuyu mahali pake. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Nilimwita. Nikamwita tena kwa jina la utotoni, lile ambalo mtoto haruhusiwi kumwita mamake. Kisha nikapiga ukelele uliowatoa watu sokoni.

Kutoka hapo nilikaa naye mimi, nimeshika mkono wake. Haki ya Mungu, barabara ile haikutugusa. Ilituchukua taratibu, laini, mpaka nikaichukia karavani, nikaichukia na kazi nzuri ya mume wangu. Laiti ingemrusha. Laiti angelia hata mara moja, tukasimama.

Mama mdogo, tuliyemtumia habari kwamba tunakuja, alikuwa langoni, ametayarisha uji wa wimbi. Aliona nilivyoshuka, akaweka kibuyu cha uji chini.

"Amesema nini?" akaniuliza.

"Alikuwa na neno lako. Alikataa kutuambia. Alisema atalileta mwenyewe."

Hakulia. Alipanda ngazi ile ndogo, akaketi kitandani kati ya kabichi na ndizi za watu asiowajua.

"Hata mimi nilikuwa na langu," akasema.

Akamwinamia sikioni, akalisema pole pole. Mimi nilikuwa mlangoni, sikusikia. Alipomaliza alingoja kidogo. Kisha akavua leso kichwani mwake, akamfunga Mama kidevu.