Nilivyomjua Budha Nikiwa Mwali

Chumba kilinuka udongo mbichi. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya barabara ya Mtama, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi paredi, na kuta za kwetu zilikuwa hazijakauka sawasawa nilipovunja ungo na kuwekwa ndani. Kwa mila yetu mwali hatoki mpaka achezewe ngoma, na ngoma haichezwi mpaka mavuno yaingie. Mavuno yalikuwa mbali, mtihani wa darasa la saba ulikuwa karibu. Nilikuwa wa kwanza darasani, nasema bila haya, lakini nilikaa pale nikisuguliwa msio wa kulainisha ngozi na kupakwa mafuta ya nyonyo huku kengele ya shule ikiwaita wenzangu. Nililia mpaka nikachoka kujisikiliza. Somo wangu, yaani mwanamke wa kunifunda na kunilinda, alikuwa shangazi yangu, Bi Fatu. Alishinda mlangoni akisuka ukili wa mkeka. Mwali akitoroka, aibu humwangukia somo wake, na hapewi tena mtoto wa mtu kumfunda.

Ukuta wa nyuma ulikuwa umepasuka ulipokuwa ukikauka, na kila alasiri rafiki yangu Siwema alikuja kwenye ufa ule kuninong'oneza aliyoyanakili ubaoni. Wiki hiyo mwalimu wa historia alifundisha chanzo cha dini ya Kibudha. Siwema alianza kwa kuniambia kuwa Budha ni mwasisi, na kwa kuwa neno hilo tulilijua kwenye siasa tu, sote wawili tulidhani alikuwa mwenyekiti wa chama huko India. Kumbe alikuwa mwana wa mfalme, jina lake Sidharta. Baba yake alitabiriwa kwamba mtoto huyu akiuona uchungu wa dunia ataukimbia ufalme, basi akamfungia katika jumba la starehe asione mzee, mgonjwa wala maiti. Nilicheka kwa hasira. Mimi wote watatu nilikuwa nimewaona kabla sijang'oa meno ya utoto, tena nimechota maji ya kuwaogeshea. Yeye alifichwa dunia asiyoijua, mimi nilifichwa niliyoizoea. Hata hivyo nilimpenda palepale, kwa sababu alikuwa ndani kama mimi.

Ijumaa Siwema alinieleza jinsi mwana wa mfalme alivyotoka kutembea na dereva wake, akamwona mzee, kisha mgonjwa, kisha maiti, na mwisho mtawa asiye na kitu ila uso wake umetulia. Kengele ilikuwa imelia hapo na daftari likaishia hapo. Ikabidi nikae na mtawa yule mpaka Jumatatu, ndipo nikaambiwa kwamba mwana wa mfalme alitoroka walinzi wakiwa wamelala, akamwacha mkewe na mtoto mchanga, akahangaika miaka mingi mpaka akapata mwanga. Ya mwanga sikuyajali. Nilichotaka mimi ni mlango.

Sikuweza kunyamaza, nikamsimulia Shangazi yote kwa siku tatu. Alisikiliza bila kuacha kusuka. Aliuliza kama huyo alikuwa nabii, nikasema mwalimu hakusema hivyo. Akauliza jina la mke. Halikuwemo daftarini. Siwema alipomuuliza mwalimu, alijibiwa kwamba hilo halitatoka kwenye mtihani. Nilipomletea Shangazi jibu hilo, aliuweka ukili chini. Mume wake Shangazi alikwenda kufanya kazi ya mkonge Tanga wakati yeye hajamaliza arobaini ya uzazi, na hakurudi.

"Huyo aliyetoka umenisimulia siku tatu, mwanangu," alisema. "Huyo aliyeachwa hata jina hana."

Asubuhi ya mtihani watu wote walikwenda shamba la kijiji. Shangazi alisema anakwenda chooni, akaondoka, mlango ukabaki wazi. Nilisimama kizingitini na penseli aliyonipenyezea Siwema. Bati la shule nililiona linang'aa, hatua mia mbili hazifiki. Kisha nikamfikiria Shangazi akirudi na kukuta chumba kitupu, kwa mara ya pili maishani mwake. Kengele ikalia. Nikarudi kuketi, nikajiona mwema sana, na nikajichukia.

Siwema alifaulu, akaenda sekondari Lindi mjini. Mimi niliolewa mwaka uliofuata. Mjukuu wangu alipovunja ungo alipewa taulo na dawa ya tumbo, kesho yake yuko darasani, na nilifurahi mpaka nikaona wivu. Yeye huniuliza kwa nini sikutoka siku ile. Shangazi naye aliwahi kuniuliza, alipokuwa akiugulia kwangu, nami namlisha uji.

"Nilikaa chooni mpaka miguu ikafa ganzi," alisema. "Nikasema, mpaka sasa atakuwa keshafika. Nikarudi, nikakukuta umekaa. Kwa nini, mwanangu?"

Nilimfuta mdomo, nikamwambia niliogopa.