Juisi ya Muwa kwenye Lango la Nanjing

Nimeishi pengi bila kukaa. Nimepakia simiti Maungu, nimeuza vitunguu Taveta, nimeendesha lori hadi mpaka wa Uganda, na kila nilipofika nilitamani nilikotoka. China sikuwahi kuiota. Aliyenifikisha ni binti yangu, mtoto wangu wa pekee, aliyekuwa mwaka wa tatu akisomea uhandisi wa maji huko Nanjing. Likizo ilipofika alinitumia tiketi, akasema nije nione anakoishi.

Siku ya nne alinipeleka kwenye lango la kusini la mji wa kale. Nilidhani ni mlango mmoja. Ukipita upinde wa kwanza unajikuta uani, kuta ndefu pande zote, na mbele yako upinde mwingine, kisha mwingine, kisha wa nne. Binti alinieleza kwamba zamani adui aliachwa aingie, halafu mlango mzito ukateremshwa nyuma yake. Nikamwambia kwetu Taita mlango wa nchi ulikuwa msitu, fighi, ambamo wazee walizika dawa zao, na mgeni mwenye nia mbaya alizunguka humo mpaka akasahau kilichomleta. Hawa wenzetu walichoma matofali.

Na kila tofali, alisema, lilipigwa jina la aliyelitengeneza, ili likipasuka ajulikane wa kuulizwa. Nikasema sheria hiyo ikiletwa Voi mafundi wote watahama. Alitabasamu kidogo tu. Alikuwa amekonda. Mtihani mmoja alikuwa ameurudia mara mbili, na tumbo lilimsumbua bila daktari kuona kitu. Nilimpa pole kwa simu, nikampa tena uwanja wa ndege.

Lakini kulikuwa na neno ambalo sikuwa nimemwambia. Mwaka uliotangulia mama yangu alifariki kule Mghange. Ndiye aliyemlea binti huyu miaka yote niliyokuwa barabarani. Binti hakuja kumzika. Ilikuwa wiki ya mitihani, na China si Mwatate. Nilimjibu kwamba hakuna neno, nikakata simu.

Tukatoka langoni, tukaingia mtaa wa zamani ulio upande wa mashariki: vichochoro vya mawe, kuta za kijivu, bata waliokaushwa kwa chumvi wamening'inia madukani, wasichana wamekodi kanzu za kale wanapigana picha. Penye kona mama mmoja wa makamo alikuwa akikamua miwa kwa mashine ya mkono. Binti alinunua kikombe kimoja. Hakunywa. Alinishikisha.

"Baba," alisema, "nitasie."

Nilidhani anatania. Kutasa ni jambo la wazee wetu. Mtu akiwa na hasira moyoni, hata akinyamaza, hasira hiyo humla anayekasirikiwa, na ya mzazi hula zaidi. Basi mwenye hasira huitaja kwa kinywa chake, kisha huchukua funda la maji ya muwa au la pombe yake na kulipuliza nje pamoja na maneno ya baraka. Mara ya mwisho kuliona nilikuwa mtoto, uani kwa babu. Mimi ni mtu wa kanisa, na yeye nilimbatizisha mwenyewe.

Nilimuuliza ni nani aliyemwambia nina hasira.

"Tangu nyanya azikwe hujanitania hata siku moja," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza nakusikia ukifanya mzaha, na ni wa mafundi."

Nikaangalia watu, nikapiga funda, nikapuliza haraka kando ya ukuta, nikanong'ona kwamba Mungu ambariki. Mama wa miwa akaruka. Alininyang'anya kikombe, akakinusa, akamwaga juisi yote, akachagua muwa mwingine na kuumenya mbele yangu huku akiongea kwa kasi. Alidhani juisi yake imechacha na nimeitema. Binti alicheka mpaka akashika meza, kisha akamweleza kwamba baba yake ana hasira naye na anaitoa. Yule mama akanitazama, akauliza kitu.

"Anauliza kama imetoka."

"Mwambie imetoka."

Hakumwambia. "Baba, hujaitaja."

Nikaitaja, kwa Kidawida, maana kwa Kiswahili ningeipamba. Nilisema nilimkasirikia kwa sababu hakuja kumzika aliyemlea. Nilidhani ndiyo yote. Lakini mdomo ukishafunguka haujui pa kuishia. Nikasema kwamba wiki mbili kabla ya kufa mama alinipigia niende, nami nilikuwa Malaba na mzigo, nikamwambia Jumamosi. Jumamosi ilipita, na ile iliyofuata nilimkuta mochari.

"Hiyo ni yangu," nilimwambia. "Nimekubebesha wewe mwaka mzima."

Alikuwa analia bila sauti. Mama wa miwa, ambaye hakuelewa hata neno, alinipa kikombe kipya kwa mikono miwili. Safari hii sikuangalia watu. Nilipiga funda, nikalipuliza chini, na matone mengine yakamrukia binti kwenye mkono wa koti. Nikasema masomo yafunguke, tumbo lipoe, atembee salama, sina neno naye tena. Mama wa miwa akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye mashine yake, kwani wateja walikuwa wamesimama.

Tulitembea hadi mwisho wa kichochoro. Hapo akanishika mkono.

"Niambie mlivyomzika," alisema. "Sijawahi kukuuliza."

Nikaanzia kwenye mvua. Nilimwambia jinsi udongo ulivyoteleza pale mteremkoni, wanaume wakavua viatu ndipo wakaweza kulishika jeneza, na jinsi kwaya ilivyoanzisha wimbo juu mno, ikabidi isimame, ianze upya.